Kabureta ya Kushoto

Jenista mwanangu,

Viazi vitamu viko kwenye sufuria. Mpe bibi yako kwanza, halafu ugeuze kahawa juani.

Nimekwenda Tunduma kutafuta mpira wa kabureta ya pikipiki. Wa kushoto umepasuka. Ndiyo, wa kushoto.

Asubuhi uliweka kibomba sikioni ukasikiliza kabureta zote mbili, ukasema, "Baba, ya kushoto inavuta hewa kinyonge." Nikakujibu, mbele ya bibi yako, kwamba injini siyo sufuria, rudi jikoni. Ukarudi. Mimi nikaendelea kuzungusha skrubu, na pikipiki ikaendelea kutetemeka na kuzima. Ulipokwenda kuchota maji nikapaka sabuni kwenye ule mpira, mngurumo ukatulia palepale. Kumbe kuna ufa mrefu kama ukucha. Nimeona aibu hata kukungoja urudi.

Tena kuna jambo sijamwambia mtu. Kibomba kile nilikiweka mimi kabla yako, masikio yote mawili, na sikusikia tofauti yoyote. Sisikii vizuri tangu msimu wa kahawa uliopita. Nilikufokea kwa sababu wewe ulisikia.

~~Usimwambie mama yako.~~ Mwambie mama yako, mimi nimeshindwa.

Bisibisi ndogo iko juu ya kabati, itafute mapema. Nikirudi, wewe utasikiliza, mimi nitazungusha skrubu, na utaniambia niishie wapi. Bibi mwekee kigoda palepale alipokaa asubuhi.

Baba yako