Alhamisi za Baba Zawadi

Jumatatu, 3 Juni
Nimekamua mwenyewe tena. Mikono imekufa ganzi kwa baridi. Baba Zawadi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Nilipotoka na ndoo alikuwa hivyo. Nilipopeleka maziwa na kurudi alikuwa hivyo. Nikamuuliza una nini. "Nimechoka." Ndilo jibu lake tangu tumzike kaka yake wakati wa masika. Mimi pia nimechoka. Bora shule zimefungwa. Sijui ningefundishaje.

Alhamisi, 6 Juni
Leo ameoga, kavaa shati la kanisani, kaenda Lushoto. Mkutano wa wafugaji, anasema. Kila Alhamisi. Kwa mkutano anaamka. Kwangu haamki.

Jirani yetu Mama Rehema naye anafuga. Nimemuuliza huo mkutano unahusu nini. Akashangaa. Hakuna mkutano wowote Alhamisi. Kisha akajifanya anatafuta ufagio. Nimejua anachowaza. Nami nawaza hichohicho.

Jumapili, 9 Juni
Sikumwekea chai. Nimebamiza masufuria mpaka Zawadi kaniuliza kama nimekasirika. Mtoto wa miaka sita, anaona kila kitu. Nimesema hapana. Nina wivu. Naona aibu kuwa na wivu. Ningekuwa kwetu Tanga ningekwenda kulia kwa dada. Hapa ukweni nilie kwa nani?

Jumanne, 11 Juni
Nimemuuliza waziwazi: ni nani huyo wa Lushoto? Akanitazama kana kwamba nimesema lugha asiyoijua. Nikapaza sauti. Akatoka, akashinda bandani kwa ng'ombe. Chakula hakugusa.

Nimeamua. Alhamisi namfuata.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemfuata. Bodaboda yake mbele, yangu nyuma, ukungu katikati. Akateremka kwenye geti la hospitali. Nikasema kumbe ni muuguzi. Damu ikanichemka.

Nikamkuta kwenye benchi, foleni ya kliniki ya afya ya akili, kofia mkononi, kabanwa kati ya watu wengine. Hakuna wa kugombana naye.

Aliponiona hakushtuka. Alinipa nafasi, nikakaa.

"Niliogopa utasema umeolewa na kichaa," akasema.

Nikamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatujawahi kulifanya.

Muuguzi, mama wa makamo, akatuingiza wote wawili. Ugonjwa una jina: sonona. Unatibika, ila polepole. Nisimuulize kila saa ana nini. Tufanye naye kazi ndogondogo, nimsikilize anapotaka kusema. Na akisema hataki kuishi, nisisubiri Alhamisi, nimlete siku hiyohiyo. Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe, mama, nani anakusikiliza?"

Nikalia kama mtoto. Baba Zawadi ndiye aliyenipa leso.

Jumamosi, 15 Juni
Mama mkwe kaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na hata hajaketi kaanza habari za mganga wa kienyeji wa kule Mgwashi. Nikafungua mdomo. Baba Zawadi akanitangulia. Akamweleza mwenyewe, kwa Kishambaa, taratibu, mpaka habari za kaka yake. Kishambaa changu ni cha sokoni lakini nilielewa. Mama akaketi. Kisha akasema hata yeye tangu msiba halali. Wakalia pamoja, mama na mwanawe. Nikawapisha, nikaenda kuchochea moto.

Jioni nimempigia dada, nimemwambia yote. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Nimefurahi leo.

Ijumaa, 21 Juni
Siku mbaya. Hakuinuka. Nikamkaripia, nikamwambia hata ng'ombe wanajua kumekucha. Nikajuta palepale. Nikamwomba radhi. Baadaye alikula. Naogopa. Nilidhani tumeshavuka.

Jumatano, 26 Juni
Jua kidogo mchana. Tulikaa uani tunamenya njegere. Zawadi anakula nyingi kuliko anazomenya. Baba Zawadi akasema, bila kuulizwa, "Leo moyo mzito."

Nikamwambia, "Haya, nimesikia. Mimi leo nina nafuu."

Akausogeza ungo karibu nami. Tukaendelea kumenya.