Nilimkimbia mke wangu kwa hofu ya mionzi, sasa nitarudije mezani?

...basi mama mkwe akaishika ile sahani yangu ya bati, akaigeuza chini juu kama anatafuta jina limeandikwa, halafu akamwuliza mke wangu, "Huyu mumeo ni mgonjwa au ni mgeni?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkeka wangu kwapani, nikanyamaza kama kawaida yangu.

Shangazi shikamoo, naomba unisaidie, na unisamehe nimeanza katikati, mimi shule niliishia njiani na kuandika sio kazi yangu, mtu akiniuliza jambo huwa najibu kichwani mdomo haufunguki, ndio maana nimeona nikuandikie wewe ambaye hunioni.

Nafanya kazi hospitali, upande wa eksirei, nasukuma wagonjwa, namtoa mtu wodini na kitanda cha magurudumu mpaka chumba cha mashine, nasaidia kumpandisha mezani, na kama hawezi kutulia naambiwa nibaki ndani nimshike, hapo ndio navaa aproni ya risasi ya kukinga mionzi, nzito kama mtoto aliyelala, na kifuani nabandika beji. Hiyo beji ni kidude kidogo cha plastiki, hakikingi kitu, kinapima tu mionzi iliyokupata, na baada ya muda zinakusanywa zinaenda kusomwa. Anayezisimamia ni mama mmoja mwanafizikia wa hospitali, yeye hatibu mtu, anapima mashine na kuta na milango na sisi wenyewe, tusije tukapata mionzi kuliko inavyotakiwa. Tunamwita Mama Vipimo maana hata kiti kabla hajakikalia anakitikisa kwanza.

Sasa siku moja akaniita ofisini kwake, akaniambia kwa upole kwamba beji yangu imesoma juu sana kuliko wenzangu, hata kuliko wale wanaobonyeza mashine wenyewe, kwa hiyo wakati anachunguza nisiingie tena chumba cha mashine, nihamie kule kwenye kufua mashuka, na nikapime damu. Akaniuliza beji huwa naivaa wapi, nikasema kifuani. Akauliza kama nina maswali. Nilikuwa nayo mengi Shangazi, nikasema sina.

Na mke wangu ana mimba, ya kwanza, kubwa tayari.

Sasa mimi nina tabia ya kuangalia. Mwisho wa korido yetu kuna chumba cha wagonjwa wa tezi ya shingo, wananyweshwa dawa yenye mionzi, nimewasukuma wengi mpaka getini wakati wanaenda kwao, na nimesikia wanavyoambiwa, ulale peke yako, ukae mbali na mwenye mimba na watoto, vyombo vyako viwe vyako, nguo zako ufue mbali, choo umwage maji mara mbili. Hakuna aliyeniambia niyashike hayo, yalinikaa yenyewe. Jioni ile nilipofika nyumbani, kabla sijavua hata viatu, nikajiambia haya ndiyo yako sasa.

Nikahamia sebuleni na mkeka. Nikanunua sahani ya bati na kikombe, nikawa naviosha mwenyewe nje. Mke wangu akauliza kuna nini, nikasema mgongo unauma nataka kulala chini. Akaleta dawa ya kuchua, nikamkwepa. Siku moja akaniambia njoo haraka mtoto anacheza, weka mkono hapa, nikasema mikono michafu, na nilikuwa nimetoka kuoga, maji yalikuwa yananitiririka bado. Aliniangalia tu. Hiyo sura yake Shangazi ndiyo naiona mpaka leo.

Na kazini nako kuna mmoja anayebonyeza mashine, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akanikuta kwenye kufua akaniambia, "Wewe sasa usiku huhitaji taa, mkeo anaokoa umeme." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni nikafunga mlango nikazima taa nikaangalia mikono yangu.

Mke wangu akaona nina mwanamke mwingine. Hakusema, lakini alianza kunusa mashati yangu, na mimi nayafua mwenyewe mbali, sasa hapo mtu atafikiri nini. Ndio akamwita mama yake. Mama mkwe alikuja Jumapili akaona mkeka, akaona sahani, akasema Jumapili inayokuja anarudi kumchukua mwanawe akajifungulie kwao, na baada ya hapo wataona.

Sasa Jumanne Mama Vipimo akaniita tena. Naomba nieleze kwanza kwamba huko nyuma aliwahi kunifuata kwenye kufua akaniuliza tena habari ya beji, ila safari ile akauliza vingine, nikitoka kazini naiweka wapi. Nikamwambia inabaki kwenye aproni, naogopa kuipoteza. Na aproni je? Kwenye msumari. Msumari upi? Nikaenda nikamwonyesha, ule wa ndani kabisa, karibu na meza ya mashine. Akautazama ule msumari muda mrefu, hakunigombeza, akachukua beji nyingine mpya akaining'iniza pale pale, haijavaliwa na mtu yeyote, akaondoka.

Basi Jumanne akaniambia ile beji ya msumarini imesomwa, nayo imetoka juu vile vile. Yaani mimi nikiwa nakula, nikiwa nasukuma mgonjwa mwingine wodini, nikiwa nimelala kwangu, beji yangu ilikuwa mle ndani inapigwa mionzi na kila mgonjwa anayepigwa picha. Iliyopata ni beji, sio mimi. Damu yangu nzuri, na nitarudi kwenye kazi yangu.

Nikamsikia, lakini nilikuwa nimekaa kiti cha mbali kabisa pale mlangoni. Akasema mbona nimekaa huko kama nasubiri basi. Na yeye Mama Vipimo ana mimba Shangazi, inakaribiana na ya mke wangu. Sijui ilitokea wapi, mdomo ukafunguka, nikamwambia, "Mama, una mtoto. Sitaki nikuchome."

Halafu akauliza nyumbani ninaishije, nikamweleza yote, mkeka, sahani, mikono michafu. Akainuka, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akaushika mkono wangu. Akaniuliza, "Ukizima taa, mwanga unabaki ukutani?" Nikasema haubaki. "Basi na eksirei ni hivyo hivyo, mashine ikizimwa imekwisha. Wale wa tezi wanakunywa dawa, inakaa ndani yao kwa muda, ndio maana tunawatenga. Wewe hukunywa kitu. Hata kama beji ingesema kweli, mkeo usingemchoma."

Nikatoka nje nikaingia katikati ya mashuka yaliyoanikwa, nikacheka peke yangu mpaka mama wa kufua akaja kutazama ni shuka gani hilo linacheka. Mwili ulikuwa mwepesi, nilijiona kama nimevua aproni kumi.

Lakini Shangazi, leo Alhamisi, na bado nalala kwenye mkeka. Sijui nianzeje. Nikimwambia nilikuwa naogopa kukuchoma na mtoto, atauliza kwa nini hukusema, na hapo sina jibu. Redio anasema nimdanganye nilikuwa na upele wa kuambukiza na sasa umepona. Kaka yangu anasema nirudi tu kitandani usiku kimya kimya, kitu kikisharudi mahali pake hakuna anayeuliza kilikuwa wapi. Na mimi nikimtazama mke wangu naona ameshaanza kukunja nguo za mtoto kwenye begi. Nimwambie ukweli, au nifanye kama wanavyosema hawa?

Naomba niishie hapa, Mama Vipimo ananiita, leo aproni zote zinapitishwa kwenye mashine kuangalia kama zimepasuka ndani, na mimi ndiye wa kuzibeba, maana nikichelewa Redio atazibeba yeye, naye anazikunja, na aproni ya risasi ukiikunja inapasuka ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Ngoja niwahi.

Mimi wa eksirei


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine ili itoke kabla ya hiyo Jumapili, kwa hiyo usiipoteze nafasi hii kwa kunisoma mara mbili mbili.

Kwanza nifurahi na wewe. Mzima, damu nzuri, kazini unarudi, mtoto anacheza tumboni. Wapo wanaoniandikia kila wiki ambao wangetoa kila walicho nacho wapate barua inayoishia kama yako. Nimecheka na mashuka yako, na pale ulipozima taa chooni nikaacha kucheka.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimpenda mkeo mpaka ukalala chini kwenye mkeka, ukaosha kikombe chako nje kama mfungwa, na yeye katika yote hayo ameambulia nini? Mgongo wa uongo na mikono michafu iliyotoka kuoga. Ulijitwisha masharti ya wagonjwa wengine bila kumwuliza hata yule mama aliyekaa mbele yako akikuambia uliza. Swali moja tu siku ile, mama je nyumbani niishi vipi, na mkeka usingetoka ulipokuwa. Nakubali una haya, haya si kosa. Lakini mwanamke mwenye mimba ya kwanza amekaa anainusa nguo ya mumewe kutafuta mwanamke ambaye hayupo, na ungeweza kumwondolea mateso hayo kwa maneno machache.

Redio mwache na mashine yake. Ukisema upele, mkeo atauliza uko wapi, halafu atauliza umeupata kwa nani, na hapo utakuwa umemletea mwenyewe yule mwanamke anayemtafuta. Kaka yako naye ananishangaza, sijui ndoa yake ameiendeshaje. Mkeo si godoro, kwamba utapanda juu yake bila kueleza ulikuwa wapi.

Umesema akiuliza kwa nini hukusema huna jibu. Unalo, umeniandikia mimi: niliogopa, na mdomo haukufunguka. Mpe hilo hilo, usilipambe. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, anaweza kukucheka mpaka majirani wasikie. Vyote hivyo vipokee ukiwa umekaa, usikimbilie nje.

Na kama mdomo utagoma tena, mpe ukurasa huu asome yeye, wewe kaa karibu yake. Karibu, sio mlangoni.

Baada ya hapo mpeleke hospitali kwa huyo Mama Vipimo. Mimi mambo ya mionzi siyajui, yeye anayajua, na mkeo ana haki ya kuuliza maswali yote ambayo wewe hukuuliza. Wawili wale wenye mimba zao wakae waongee, na wewe usimame pembeni usikie jinsi watu wanavyouliza. Ila mwambie mkeo habari nyumbani kwanza. Asiende kuzisikia kwa mtu mwingine.

Mama mkwe akija Jumapili, usimwachie mkeo kazi ya kukueleza. Mpokee wewe getini, mwambie wewe. Akitaka kumchukua mwanawe akajifungulie kwao, hilo zungumzeni, huenda ni jambo jema tu, lakini aende kama mke anayesindikizwa na mumewe, asiende kama mtu aliyefukuzwa na mkeka.

Beji nayo, ukimaliza kazi ivue uiweke pale utakapoelekezwa, mbali na ule msumari. Usipoelekezwa, uliza.

Unajua vizuri kuliko mimi habari za aproni, ukiikunja inapasuka ndani na nje huoni kitu. Mkeo naye anakunja nguo kimya kimya wiki nzima hii. Mwahi kama ulivyoziwahi aproni.

Ile sahani ya bati mpe mama wa kufua awekee vibanio vya mashuka. Jioni ya leo ukifika, nawa mikono mbele ya mkeo akuone, mwambie kwamba hata siku ile mikono ilikuwa safi, kisha mwombe uweke mkono pale alipokuambia. Baada ya hapo kuleni sahani moja.