Gego la Jalila

Jumatatu, 3 Februari 2025
Siku ya kwanza ya utafiti, chekechea ya Mtongwe. Watoto arobaini, kila mmoja kikombe cha maziwa lala, yale ya mgando, asubuhi. Mimi kazi yangu kugawa na kuandika nani amemaliza. Nimewaeleza wazazi kama nilivyofundishwa: humo mna bakteria wazuri, huenda wakawashinda wale wanaoozesha meno. Huenda — hilo ndilo tunalopima. Wazazi hawakulisikia hilo neno. Walifurahi, nami nikafurahi nao.

Jumanne, 11 Februari
Jalila, wa miaka mitano, hatafuni upande wa kushoto. Nimemmulika kwa tochi ya simu. Gego la chini limetoboka, ufizi mwekundu. Nikamwambia mamake, Mwanasaumu, ampeleke akang'olewe. Akasema kliniki ya meno iko ng'ambo ya kivuko, naye ana kibarua cha kuparua samaki. Kwani haya maziwa hayatoshi?

Nilipaswa kusema hayatoshi, jino limeshaoza. Nikasema yatasaidia, ila aende akipata nafasi. Bramwel, msimamizi wetu, hataki watoto wapungue. Hilo lilinipitia kichwani, sitajidanganya.

Jumatatu, 17 Februari
Jalila hakuja. Mwalimu kasikia amefura uso. Bramwel anasema niandike "hayupo", tuendelee.
Nikaandika.

Jumanne, 18 Februari
Usingizi haukuja. Asubuhi nimekwenda kwao. Taya limefura, mate yanamchuruzika, hawezi kufunga mdomo. Homa kali. Mamake amekuwa akimnywesha maziwa lala mara tatu kwa siku, ya kununua dukani.
"Si uliniambia yatasaidia, dadangu?"
Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Nikaita tuktuk, tukampeleka hospitali.

Jumatano, 19 Februari
Usaha umeshuka shingoni. Jalila anavuta pumzi kwa shida, wamemwekea oksijeni. Wanataka kumpasua leo hii. Daktari akauliza nani alikuwa akilitibu hilo jino. Mwanasaumu akanishika mkono, akanisogeza mbele.
"Ni huyu, dada Jerioth. Wallahi, amemwangalia mwanangu tangu mwanzo."
Daktari akafungua faili. "Ulikuwa ukimpa nini?"
Nikamwomba dakika moja.
Niko chooni, naandika haya. Bramwel kapiga simu mara tatu, sijashika. Mwanasaumu yuko nje ya mlango — anabisha polepole, ananiuliza kama naumwa, aniletee maji.