Kinyozi Aliyefunga Mlango

3 Machi

Baba, shikamoo. Hujambo huko? Mimi mzima, ila cherehani zinanitoa jasho. Shangazi anasema umefunga saluni na watu hawakuoni. Nikikupigia, simu inaita mpaka inakata. Kuna nini, Baba? Nijibu japo mstari mmoja.

Binti yako

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Nipo, nashukuru. Simu siisikii. Masikio yameniaga, la kushoto ndilo lilitangulia. Wateja wakipiga soga, mimi nacheka wakicheka. Basi fundi wa mageti akakaa kwenye kiti, akanieleza jambo, nami nikacheka. Saluni nzima ikanigeukia. Kumbe alikuwa anasema mama yake amefariki. Nitawatazama kwa macho gani? Nimefunga. Kukaa peke yangu si kitu. Usije.

Baba yako

6 Aprili

Baba, shikamoo. Sina amani. Jirani kaniambia umekonda, suruali unaifunga kwa kamba. Unakula kweli? Unaongea na nani kutwa? Nimemwomba tajiri ruhusa, kanikatalia. Nijibu, tafadhali.

Binti yako

21 Aprili

Baba, ni mimi tena. Jirani akinipigia simu, naogopa kupokea. Tajiri asiponiruhusu naacha kazi. Nakuja.

Binti yako

28 Aprili

Marahaba, mama. Usiache kazi. Nisamehe kwa kimya changu. Chakula kilikuwa hakipiti; napika, naitazama sufuria, namwaga. Nikadhani ni ugonjwa.

Juzi nilikuwa nafua uani, kivuli kikanifunika. Fundi wa mageti! Kabisha hodi mpaka kachoka, akazunguka nyuma. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu, siku ile sikusikia." Akanishika mkono, akanivuta mpaka saluni, akakaa kwenye kiti, akanionyesha kichwa. Nywele msitu mtupu. Tangu msiba hajataka kinyozi mwingine. Nilipomshika kichwa, joto lake likanipanda mikononi, nikashindwa hata kuwasha mashine. Mabega yake yakawa yanatikisika. Tukalia, watu wazima na ndevu zetu. Kisha tukapika, tukala mpaka ukoko.

Leo nimefungua. Wateja wananigusa bega kwanza, ndipo wanasema.

Njoo ukipata likizo. Ukifika usinipigie kelele. Simama mbele yangu, penye mwanga, nikuone mdomo.

Baba yako