Mlenda wa Mama Shija

Bibi yangu, shikamoo. Magoti yamepata nafuu? Nipo Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, na kadi hii usimsomee mtu.

Leo Mama Shija, mwenyeji wangu, ameniacha ning'oe mashina kumi ya mtama wake kwa ajili ya utafiti, mtama ambao ungekuwa ugali wa wanawe. Asubuhi nzima nilimwonyesha udongo ulioganda kwenye mizizi. Nikamweleza kuwa bakteria hujipaka ute wa sukari, na ute huo ndio unaowashikiza kwenye mzizi wausaidie kukua. Asiye na ute husombwa na maji.

Mchana akatandika mkeka, akaleta ugali wa mtama na mlenda. Ute wa mlenda ule ulivyovutika, Bibi, nikadanganya kwamba tumbo linaniuma. Maskini, akaacha tonge lake, akakimbilia majani ya mpera, akanichemshia dawa. Nikanywa kikombe kizima, chungu kama shubiri, huku akinisugua mgongo. Kisha akacheka polepole.

"Asubuhi yote umetusifia ute, mwanangu. Kumbe ni wa mizizi tu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikanawa, nikala mpaka bakuli likabaki jeupe. Mlenda uliteleza wenyewe. Kilichonikwama kooni ni aibu, maana ni wewe uliyenifundisha kula cha mwenyeji.

Nikirudi nipikie mlenda, Bibi, kisha ukae unitazame nikila.

Mungu akutunze,
mjukuu wako Neema