Chai Isiyo na Maziwa Siku ya Koito

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili limelala sandukuni tangu Oktoba. Niliwachapa wanafunzi kwa utoro wa siku mbili. Wangu ni wa miezi mitano, na sina barua ya daktari. Naomba radhi, ingawa hakuna wa kunisamehe ila mimi mwenyewe. Goti liliuma. Kabla ya goti, uvivu.

Ng'ombe wamekamuliwa mapema. Wachumaji wanne shambani. Karani wa kituo cha majani chai alikataa gunia moja kwa sababu ya majani magumu. Alikuwa na haki. Nimewaonya wachumaji.

Jumamosi wazee wa Boito watakuja kumposa binti yangu Chebet. Itakuwa koito, sherehe ya posa, ya mwisho katika nyumba hii. Dada zake wote wameolewa. Ana miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimekata tamaa.

Ameomba jambo moja. Mama Lin, mwenye mkahawa anakofanya kazi, aje kupika na kuandaa chai, kwa kuwa mama yake mzazi alifariki. Nimekubali. Sikupenda, lakini nimekubali.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama Lin, kama kila Alhamisi. Meza sita, zote zimejaa: wanafunzi wa chuo kikuu, wahadhiri wawili, wachuma chai waliovua mabuti mlangoni. Nilikula supu ya tambi yenye nyama ya ng'ombe na sukumawiki iliyokaangwa kwa kitunguu saumu. Meza yangu iko dirishani. Kutoka hapo namwona muuza nyama wa jirani akikata paja na kumpa Chebet mkononi. Nyama nimeiona ikikatwa hivyo kwa miaka tisa.

Mama Lin ni mjane kutoka Taiwan. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, akafariki, akazikwa hapa Kabianga. Mwingine angerudi kwao. Yeye alikodi chumba na kuanza kuwapikia watu vyakula vya nyumbani kwao. Hana mtoto. Chebet amefanya kazi kwake miaka sita. Alfajiri wanakanda unga pamoja, bega kwa bega, bila kuzungumza.

Aliniuliza, "Mwalimu, Jumamosi chai gani?" Nikamjibu, "Iliyo bora kuliko zote." Akatabasamu sana. Sikumwuliza kwa nini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Aibu.

Wazee wa Boito walifika saa nne. Watu kumi na wawili, wakiongozwa na Mzee Arap Chumo, ami yake Weldon, kijana anayeposa. Tulisali. Wakakaa chini ya turubai. Chebet alikuwa chumbani, kama ilivyo desturi. Binti hatoki mpaka aitwe.

Mama Lin akatoka jikoni na sinia. Vikombe vidogo visivyo na mikono. Ndani yake chai isiyo na maziwa, ya rangi ya asali.

Kule kwao Boito, ukoo unaomkataa mposaji humpa turungi, chai kavu isiyo na maziwa kama ile. Hakuna anayelazimika kutamka maneno mazito. Wageni hunywa, huinuka, huenda. Kila mtu hapa anajua hivyo. Mama Lin hakujua.

Mzee Chumo alikishika kikombe muda mrefu. "Mwalimu, hii ndio jibu yako?" Nilitazama sinia. "Ama ng'ombe zako zote zimekauka?" Mtu mmoja akacheka. Mzee akaimwaga chai kwenye nyasi, polepole, akakipindua kikombe juu ya sinia.

Mama Lin hakuelewa. Akaniambia mbele yao, "Mwalimu, majani ni ya shamba yako. Nimekunja na mikono yangu. Siku mbili. Hii ndiyo bora."

Hapo nilisema. Niliinuka na kusema kwa sauti ya darasani: "Huyu ni tasa. Asiyezaa hajui binti huozwaje. Kosa langu ni kumruhusu mgumba kuingia jikoni kwa mke wangu."

Watu arobaini, wageni na jamaa zetu, walisikia. Chebet alisikia kupitia dirisha.

Mama Lin aliweka sinia chini, akainama kidogo, akaenda zake kwa miguu. Wazee wa Boito wakaondoka. Weldon alikuwa wa mwisho kuinuka. Alikuwa ameinywa chai yake yote.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikwenda kanisani. Chebet hajanisemesha. Sijutii. Mwanaume huaibishwa mara moja tu, kisha lazima ajulikane aliyemwaibisha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sokoni. Vijana wa bodaboda walinisubiri nipite. "Mwalimu! Leo ni turungi ama iko na maziwa?" Mwingine: "Wacha mzee, ng'ombe yake iko likizo!" Nilimfundisha baba yake yule. Nilimpiga viboko, na naona sikumpiga vya kutosha.

Mwenye duka alinipimia sukari huku akijikaza asicheke. Nilirudi nyumbani bila chumvi niliyoifuata.

Namchukia yule mwanamke. Naliandika neno hilo nikiwa na akili timamu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Punda wa Kipsang amepotea tangu Jumanne. Ni punda wa kubeba maziwa, mweusi, mwenye sikio lililopasuka. Baada ya ibada watu walisimama nje ya kanisa wakiongea juu yake. Mke wa Kipsang akasema waziwazi: tangu lini nyama ya Mchina ikawa laini hivyo? Wengine wakaguna. Mwingine akasema ana binamu Nakuru aliyeona punda wakichinjwa.

Kisha wakanigeukia mimi. Ilikuwa lazima wanigeukie. Nusu yao nimewafundisha kusoma. Koros, mzee wa kanisa, akaniuliza kwa heshima: "Mwalimu, wewe ndiwe unakula pale kila wiki. Ni kweli ama ni uongo?"

Nilijua. Nimeiona nyama ile ikikatwa kwa miaka tisa. Najua jina la muuza nyama, najua kisu chake.

Nikasema, "Mimi sijui."

Mama mmoja akatema mate. Nilisikia raha, kama ya kukuna upele.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nilikula viazi nyumbani. Alasiri nilipita mkahawani, upande wa pili wa barabara. Meza sita, zote tupu. Chebet alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. Hakunisalimu. Muuza nyama naye alikuwa amekaa bure. Naye wamemsusia, kwa kuwa humwuzia Mama Lin. Hilo sikulifikiria.

Hata hivyo nilifurahi. Nilitembea vizuri kurudi, goti halikuuma.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Mtu ametundika kwato la punda kwenye mlango wa Mama Lin kwa waya. La zamani, kavu, labda la jalalani. Watoto wa shule walikusanyika wakilia kama punda. Watu wazima walisimama na kucheka. Mama Lin alitoka na koleo, akakata waya, akalifunga kwato katika gazeti kama mtu afungaye samaki. Kisha akaosha mlango kwa maji ya moto na sabuni. Alipomaliza aliingia akawasha jiko kama kawaida, na hakuna aliyeingia kula.

Nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Sikucheka. Wala sikuwafukuza watoto, na neno langu moja lingetosha kuwafukuza.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Punda amepatikana. Yu hai, yuko Kiptere, anabeba maji. Mpwa wake Kipsang mwenyewe ndiye aliyemwuza. Kipsang amemrudisha leo, akampitisha katikati ya soko, sikio lake lililopasuka likionekana na kila mtu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Niliketi dukani nikasikiliza. Mke wa Kipsang akasema, "Sawa, huyu amepatikana. Na wale wengine?" Hakuna wengine. Hakuna punda mwingine aliyepotea hapa. Lakini vichwa vikatikisika kukubali.

Wanangojea mtu wa kuwaambia, na mtu huyo ni mimi.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Chebet amejua. Koros alimweleza, tena kwa nia njema: "Hata baba yako hakuweza kumtetea."

Alinikuta zizini. Hakulia. Nilitamani alie.

"Baba, ulisema hujui?"

"Nilisema."

"Kila Alhamisi, Baba. Mimi ndiye nakuletea bakuli. Nyama ninaipokea ukiniangalia."

Nilimwambia yule mwanamke aliniaibisha mbele ya wakwe. Akaniuliza, "Alikuuliza chai gani. Ulimwambia nini?"

Niligeukia ng'ombe. Nilimwambia bora kuliko zote. Akaleta iliyo bora kuliko zote. Aliitoa shambani mwangu, akaikunja kwa vidole siku mbili, akaitunza. Angeniuliza mtu mwingine yeyote, ningemwambia chai ya maziwa. Kwake nilijibu kwa haraka, kwa sababu supu ilikuwa inapoa.

Kosa ni langu. Nimelijua tangu jioni ile, na ndiyo sababu nilimtukana.

Jambo jingine, niliandike na limalizike. Mke wangu alipokuwa akifa, miezi mitatu, hakuweza kumeza. Mama Lin alileta uji wa mchele kila asubuhi na kumlisha kwa kijiko. Mimi nilikuwa nikitoka nje, sikuweza kutazama. Huyo ndiye niliyemwita mgumba asiyestahili jiko la mke wangu.

Chebet amelala kwa Mama Lin leo.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Mzee Chumo amekuja peke yake, kwa pikipiki, na kofia mkononi. Nilimkaribisha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Alikunywa, akacheka sana.

"Kumbe ni mgeni hakujua! Kijana amenieleza wiki mbili, anakuja usiku na mchana kama kuku anatafuta pa kutaga. Mwalimu, mbona wewe hukusema pale pale? Neno moja tu, tungecheka tukaitisha maziwa."

Kweli. Neno moja. Nilikuwa nalo na sikulitoa.

Watarudi Jumamosi tarehe kumi na mbili. Nilifurahi kiasi cha kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Lakini alikuwa na ujumbe kutoka kwa Chebet, na aliutoa akitazama kofia. Binti hataposwa katika nyumba hii. Ataposwa kwa Mama Lin, katika mkahawa, mbele ya meza zile. Isipokuwa baba yake atasimama kanisani kabla ya siku hiyo na kusema alichokijua.

Mzee akasema, "Sijawahi kusikia koito ya namna hiyo. Lakini kijana wangu amekubali. Na mimi nimechoka."

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Nilivaa suti nyeusi. Nilikuwa nimeandika sentensi nne kwenye karatasi, nikazihifadhi kichwani kama mtoto wa darasa la tatu. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama.

Kanisa zima likageuka. Koros. Mke wa Kipsang. Muuza nyama, ambaye sasa huketi karibu na mlango. Chebet benchi la nyuma, na pembeni yake Mama Lin, ambaye si wa kanisa letu na hajawahi kuingia humo. Alivaa sweta la kijani. Aliniangalia bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililonishinda. Ningeuona uso wenye chuki, ningesema.

Nikamshukuru Mungu kwa mvua. Nikakaa.

Watu wakasema amina. Chebet akainuka, akamshika Mama Lin kiwiko, wakatoka. Mimi ni mwoga. Miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto wa watu kusimama wima na kusema kweli, na nilikuwa mwoga wakati wote. Hakuna tu aliyekuwa amenijaribu.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Wachumaji hawakuja.

Chebet alifika saa tatu kuchukua nguo zake. Alizipanga katika sanduku la mama yake bila haraka. Alifagia chumba, ingawa hakina mtu tena. Akaona vyombo vyangu vya jana, akaviosha. Nilikaa kwenye stuli nikimtazama mikono. Sasa hukunja hata kitambaa cha vyombo kama yule mwanamke anavyokikunja, mara tatu, kisha anakibonyeza kwa kiganja.

Kabla ya kutoka alisema, akitazama mlango: "Koito sasa ni mkahawani. Mama Lin ameweka kiti chako, Baba. Kwenye meza ya dirishani. Amesema ukae, useme usiseme."

"Na wewe?"

"Usiposema, nitakiondoa mimi mwenyewe. Wazee wakiuliza, nitawaambia sijui uko wapi."

Nilimwomba asubiri mvua ipungue. Akasema unga umekandwa, hauwezi kusubiri. Alijifunika karatasi ya nailoni na kushuka kilimani katikati ya chai, sanduku kichwani.

Ijumaa jioni kuna maombi ya katikati ya wiki yaliyosogezwa. Koros ataongoza. Huwa wanakuja watu ishirini, pengine ishirini na tano, na habari huenea kutoka pale hadi asubuhi.

Karatasi yenye sentensi nne bado iko mfukoni mwa koti. Nimeitoa, nimeisoma. Haina kosa.

Sijaamua. Sitaandika tena mpaka niwe nimeamua, na siku hiyo nitaandika ukweli, hata ukiwa mstari mmoja.