Kibao cha Pili cha Kisu Chako

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya baba.
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Springi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na huyo binti yenu ambaye sura yake tunaijua kwa picha tu. Hamjambo nyote? Baridi imepungua? Lile jino umeshaling'oa, au bado unazunguka nalo mji mzima kwa kumwogopa daktari? Na hapo kazini, wakubwa wako wanakutazama kwa jicho zuri? Mimi sijambo. Miguu inavimba kidogo jioni kwa kukaa sana, lakini macho ni mazima, skrubu ya saa ya kike bado naiona bila lenzi. Kwa fundi saa hiyo ndiyo afya, mengine ni nyongeza.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo na tuliongea juzi tu. Kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa napandisha, tunaishia kugombana. Halafu baba hukaa papo hapo akisikiliza, na sauti yangu ikibadilika tu ananionyesha kwa kidole nikate. Kwa hiyo barua hii anakuletea kwa mkono yule jirani yetu muuguzi, anayerudi kazini huko. Nimemwambia akae mbele yako mpaka uimalize, na wala usimpe chai kwanza.

Nianze na visu vyangu, maana huwa unaviulizia ili upate pa kunichekea. Vimefika arobaini na kimoja. Mtaa mzima bado wananiita Mama Visu, na wageni wakisikia jina hilo wanasogeza viti nyuma kidogo. Wacha wasogee. Wewe unajua ninachofanya: natafuta visu vya kukunja vilivyochoka, kwa wauza vyuma chakavu, kutu tupu, mpini umepasuka, kingine hakifunguki hata kwa dawa. Natoa pini, nasafisha chuma kwa mafuta ya taa, nanoa, kisha nakivalisha mpini mpya, vibao viwili vya mbao, kimoja kila upande. Kikifunguka na kulia ile "tak" yake, basi siku yangu imekamilika hata kama dukani sijaona mteja.

Baba hakuwahi kuupenda mchezo huu. Husema kisu hakiwezi kumwambia mtu ni saa ngapi. Lakini kila nikimaliza kimoja, hukichukua, hukifungua na kukifunga, halafu hukiweka sikioni, kwa mazoea tu.

Mbao nazipata kwa seremala wa nyuma ya soko. Yule bwana mrefu, unamkumbuka, aliyekuwa anaweka penseli sikioni halafu anaitafuta chini. Chini ya meza yake ana sanduku la vipande vilivyobaki, na kila Jumamosi mimi hupita, nachagua ninachotaka bila kuuliza, kisha namnolea patasi zake. Miaka sasa. Hatuulizani maswali.

Jumamosi moja nikakuta kipande ambacho, nakwambia, mate yalinijaa mdomoni. Mbao nyekundu iliyokomaa, na katikati yake mshipa mmoja wa manjano umepita mshazari. Sijawahi kuona mbao nyingine yenye mshipa ule. Seremala aliniona nimekishika. Akazima msumeno, akafungua mdomo, akaufunga, akawasha tena msumeno. Mimi nikajua ananionea choyo. Nikakitia kwenye mkoba haraka nikaondoka, hata patasi siku ile sikunoa.

Wakati huo baba alikuwa ameshaanza kupungua. Alituambia vidonda vya tumbo, nasi tukaamini, ukatuma zile dawa za unga. Nikaona nimfurahishe. Nikachukua kile kisu chake kidogo cha kufungulia mifuniko ya saa, ambacho mpini wake ulikuwa umezungushiwa plasta tangu sisi hatujazaliwa. Nilikifanyia kazi wiki nzima kwa siri. Nisijisifu bure, lakini kilitoka kizuri kuliko vyote arobaini.

Nikampa akiwa kitini, asubuhi, na mdomo wangu huu ukaanza kazi yake. Baba alikigeuza mara mbili. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua pale kwenye mshipa, ile manjano ikang'aa.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa seremala. Sijui anamtengenezea nani kabati, lakini huyo mtu ana jicho!"

"Siyo kabati," akasema. "Mbao hii nimeichagua mwenyewe, mama. Nilikataa tatu kabla yake."

Na mimi, pumbavu wa kuzaliwa, bado sikuelewa. Nikacheka. Nikamuuliza kama ameamua kujitengenezea kitanda uzeeni. Akasema ndiyo, ni kama kitanda. Akakifunga kile kisu na kukitia kwenye mfuko wa shati, na kwa jinsi alivyonitazama, nikaelewa. Nikakaa chini sakafuni, pale pale.

Springi, baba anakufa. Nimezunguka mno kabla ya kulisema, nisamehe, lakini sasa nimelisema.

Ni uvimbe tumboni, na umeshaingia kwenye ini. Alikwenda hospitali peke yake mara tatu, na kila mara alituaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Nilikuwa namwambia huyo kinyozi anamwibia, mbona nywele ziko vilevile. Yeye akawa anacheka. Baadaye nilikwenda mwenyewe kumwona daktari, nikamkalia mpaka akasema. Hakuna kupasua, hakuna dawa ya kuondoa, kuna za maumivu tu. Baba alikuwa ameshaambiwa miezi mitatu. Miwili imekwisha, na huu wa tatu tumeshaula nusu.

Unaweza kujiuliza kwa nini mtu aende kujiagizia jeneza kabla hata hajawaambia wanawe. Wewe hukuwepo siku tulipomzika mama, kwa hiyo hukuona. Lile jeneza lilinunuliwa harakaharaka, na mfuniko wake ulikuwa umepinda. Pale pale kaburini, watu wote wakitazama, mmoja akaokota jiwe akaanza kugongelea misumari. Baba hakusema neno. Miaka minne hakusema neno. Siku ile ya kisu ndipo aliposema: "Nimefunga mifuniko ya saa miaka hamsini, mke wangu akafungwa kwa jiwe."

Niliondoka hapo mbio hadi kwa seremala, nimewaka moto, nimepanga matusi yote niyajuayo. Akanipokea kwa upole. "Aliniapisha, dada. Na wewe ukaja ukachukua kipande mbele ya macho yangu. Ningesema nini?" Kweli, angesema nini? Akanipeleka nyuma. Jeneza limelazwa kwenye kona, limefunikwa turubai, na juu ya turubai kapanga makopo yake ya gundi, kama ni rafu tu. Tukayaondoa. Hakuna msumari hata mmoja, mdogo wangu. Skrubu za shaba tupu, na mifuo ya vichwa vyake, ile ya kuingizia bisibisi, yote imeelekea upande mmoja, kama ndani ya saa nzuri. Baba ndiye aliyetaka iwe hivyo, na alirudi mara mbili kukagua. Nililia, halafu, aibu yangu, nikajikuta napapasa maungio na kuisifia kazi.

Sasa kuhusu wewe. Baba aliniapisha nisikwambie. Anasema ndiyo kwanza umepata kazi ya maana, bado wanakujaribu, ukiondoka sasa watampa mwingine. "Mwache mtoto asimame," ndivyo anavyosema kila siku, na mtoto mwenyewe ana mvi. Nikaapa, tena kwa kaburi la mama. Leo nakivunja kiapo hicho kwa wino, nikiwa na akili zangu timamu. Mama atanisamehe. Yeye mwenyewe siri haikulala naye siku mbili.

Na hilo la mama tulimalize hapa hapa. Wakati ule nilikwambia sikulaumu kwa kutokuja. Nilidanganya. Nilikulaumu sana, nilikulaumu nikiosha vyombo, nilikulaumu nikifungua duka. Sasa nimechoka, sina tena nguvu za kulaumu mtu. Sitaki kuanza upya.

Nirudi kwenye kile kipande, maana jambo lenyewe liko hapo.

Kesho yake baba aliniuliza kama kimebaki. Nikamwambia kimebaki cha kutosha kisu kimoja. Akanituma nimletee lile kopo anamowekea mishale ya saa. Chini kabisa, chini ya mishale yote, kulikuwa na kisu chako. Kile kile ulichokifungua ukiwa na miaka saba, springi ikaruka, tukaitafuta nyumba nzima mpaka leo, ndipo ukapata jina. Nilidhani alikitupa siku ile ile, kwa jinsi alivyokufokea. Kumbe alikitunza miaka yote, kikiwa hakina springi wala mpini.

Akaniambia nikitengeneze. Nikakitilia springi mpya, nikakata vibao viwili vyenye mshipa wa manjano, vyote vya milimita nne. Kibao cha kwanza nimekimaliza na kukifunga kwa pini, kiko tayari. Cha pili alikichukua mkononi mwangu. "Hiki niachie mimi." Tangu hapo anakisugua kitandani, kwa msasa ule laini kabisa alioukunja juu ya kiberiti. Alisema ni kazi ya siku mbili.

Zimepita wiki tano.

Kila asubuhi nakung'uta unga mwekundu kwenye shuka na kumuuliza, tayari? Ananijibu bado, kuna mkwaruzo. Hakuna mkwaruzo wowote, nimetazama kwa lenzi. Kinateleza kama kioo. Nikimwambia kimetosha ananikasirikia na kunigeuzia mgongo. Halafu baada ya muda ananiuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mdogo wako kapiga simu leo?"

Mimi nilidhani ni ugonjwa, kwamba akili nayo imeanza kuchoka. Mpaka siku moja aliposinzia, nikachukua kile kipimo chake cha chuma cha kupimia unene, nikakipima kibao. Milimita mbili na nusu. Nikakaa nacho mkononi, na ndipo nikaelewa kwamba baba hasugui mkwaruzo. Anakusubiri, Springi, na anaona haya kusubiri. Akikimaliza itabidi anikabidhi kisu kizima nikuwekee, na hapo atakuwa amekubali kwamba huji. Kwa hiyo hakimalizi.

Leo asubuhi nimekipima tena. Milimita moja na nusu. Wewe hujawahi kufanya kazi hii, kwa hiyo nakwambia: chini ya moja pini haishiki, kibao kinapasuka vipande viwili. Na jambo jingine nililoliona ni kwamba wiki hii kimepungua kidogo sana kuliko wiki iliyopita. Usije ukadhani hiyo ni habari njema. Ni mikono yake.

Kazi yako sijui itakuwaje. Siwezi kukudanganya kwamba watakusubiri. Pengine utaikosa, na pengine hutapata nyingine kama hiyo, na utanilaumu mimi. Nilaumu. Mimi nimeshalaumu sana, najua haiui. Ila kata tiketi.

Ukifika, usimwambie kwamba nilikuandikia. Sema umepewa likizo. Hataamini, lakini atakubali, yeye mwenyewe ana habari zake za kinyozi.

Nisalimie sana wifi, mwambie namwomba radhi kwa kumchukulia mume bila hodi. Mbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Seremala anakusalimu, aliniuliza habari zako bila kunitazama usoni. Baba naye anakusalimu. Ameniona naandika, nikamwambia nakuandikia habari za visu vyangu, akasema nikwambie hajambo, ni vidonda vya tumbo tu, usihangaike. Halafu akauliza barua huchukua siku ngapi.

Mungu akulainishie safari na akufikishe ukiwa mzima, na kwetu sisi azichelewishe saa kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nakugombeza,

Mama Visu